Granada Mara ya Pili: Mwongozo wa Kuipanga Likizo ya Kurudi

Aliyekwenda Granada, mji wa kusini mwa Hispania, mara moja kwa kawaida anayo picha ya Alhambra (ngome ya kilimani yenye majumba ya masultani wa zamani) aliyoipiga jua likizama kutoka Mirador de San Nicolás, anayo picha ya simba 12 wa Patio de los Leones, yaani ua wa simba, na anayo hadithi ya sahani ya chakula aliyoletewa bila malipo alipoagiza soda. Miezi inapita, kisha anajikuta anaulizia nauli tena. Mwongozo huu ni wake. Anayekwenda kwa mara ya kwanza ataona nimeruka mengi, na nimeyaruka makusudi.

Msimamo wangu nauweka mapema: safari ya pili ipunguzwe. Wengi huiharibu kwa kubeba orodha ya vitu walivyovikosa safari iliyopita, wakarudi nyumbani na uchovu uleule. Chagua kitu kimoja kilichokukaa moyoni, kitengee muda wa kutosha, badilisha msimu na mtaa wa kulala, na vilivyobaki viache vilipo.

Hatua ya 1: Viza kwanza, na utumie faida ya kuwa ulishakwenda

Maombi ya viza ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Hispania, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kufika siku 45, kwa hiyo mwenye busara huanza mapema. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Hispania ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam.

Sasa yale yanayomhusu anayerudi. Alama zako za vidole zilizo kwenye mfumo wa Schengen huweza kutumika tena kwa miezi 59. Kwenye fomu kuna sehemu inayouliza kama ulishachukuliwa alama hizo. Jaza tarehe na namba ya viza ya zamani, usiache wazi. Ambatanisha nakala ya viza hiyo pamoja na kurasa zenye mihuri ya kuingia na kutoka, maana ushahidi kwamba uliondoka kwa wakati una uzito kuliko barua ndefu ya kujieleza. Viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi hutolewa zaidi kwa waliokwisha kupata viza tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia vizuri. Kwa safari moja ya nyuma usiitegemee, ingawa kuiomba hakukatazwi.

Walioko Muscat au Dubai wanaomba hukohuko wanakoishi kihalali. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania naye anaihitaji viza hii, kwa sababu kibali cha Uingereza hakimfikishi Hispania. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Sweden yeye apande ndege tu.

Kuna jambo jipya mpakani. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga mhuri. Foleni ya mara ya kwanza kwenye mfumo huo huenda polepole, basi usikate tiketi ya basi la Granada linaloondoka saa moja tu baada ya ndege yako kutua.

Hatua ya 2: Badilisha msimu

Kama ulikwenda Julai au Agosti, uliuona mji wakati wenyewe wameukimbia. Joto hupita nyuzi 35, na si joto la Tanga au Mombasa. Ni kavu, midomo inapasuka, na kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni mitaa inabaki kwa watalii peke yao. Rudi Oktoba au Novemba. Makomamanga yameiva, na komamanga ndilo nembo ya mji, utaliona hadi kwenye vibao vya majina ya mitaa. Pembeni mwa barabara wanachoma chestinati kwenye majiko ya mkaa, na tiketi za Alhambra hazigombaniwi kama Mei.

Mei nayo ni nzuri kwa anayependa shamrashamra: tarehe 3 kuna sherehe ya misalaba, viwanja vinapambwa kwa maua na watu wanacheza hadi usiku. Ila bei za vyumba hupanda. Januari ni baridi kweli, mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari na usiku unaweza kugusa sifuri. Tarehe 2 Januari ni sikukuu ya mji, siku ya kukumbuka mwaka 1492 ambapo mfalme wa mwisho wa Granada, Muhammad XII, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliwakabidhi malkia na mfalme Wakristo, Isabel na Fernando, funguo za mji. Wenyeji wenyewe hawaelewani kuhusu sherehe hiyo. Mimi ningeipisha.

Hatua ya 3: Njia ya kufika

Safari ya kwanza wengi hupitia Madrid. Mara hii angalia Málaga. Ukiunganisha Istanbul unaweza kushuka Málaga moja kwa moja, na kutoka uwanja wa ndege kuna mabasi ya kwenda Granada, mwendo wa takriban saa mbili. Kutoka Madrid kuna treni ya kasi tangu 2019, mwendo wa saa tatu na kitu. Stesheni ya mabasi ya Granada iko mbali kidogo na katikati ya mji, hivyo panda basi la mjini au teksi, usijaribu kutembea na mabegi.

Hatua ya 4: Hamia mtaa mwingine

Mara ya kwanza pengine ulilala karibu na Gran Vía au Plaza Nueva. Palikuwa pa karibu na kila kitu, na pa makelele. Kwa safari ya pili chaguo langu ni Realejo, mtaa uliokuwa wa Wayahudi kabla ya 1492, chini ya kilima cha Alhambra upande wa kusini. Campo del Príncipe ni uwanja wa watoto kucheza mpira na wazee kukaa kwenye mabenchi. Kuta nyingi zina michoro mikubwa ya rangi ya msanii anayejiita El Niño de las Pinturas, na juu kidogo kuna bustani ya Carmen de los Mártires, yenye tausi wanaojitembelea, ambayo kuingia ni bure.

Albaicín, mtaa wa zamani ulio kwenye kilima kinachotazamana na Alhambra, ndio unaopendeza zaidi kwenye picha, na ndio unaochosha zaidi kwenye magoti. Njia zake zimetandikwa kokoto, ngazi hazina idadi, na magari ya watu binafsi hayaruhusiwi sehemu kubwa. Nimeona watu wakiburuta masanduku ya magurudumu pale Cuesta del Chapiz huku wakibishana ni nani aliyechagua nyumba hiyo. Ukisafiri na mama au baba mtu mzima, usimlaze Albaicín. Mlaze Realejo au chini mjini, na mpandishe kwa mabasi madogo: C30 huenda Alhambra, C31 huzunguka Albaicín.

Hatua ya 5: Irudie Alhambra kwa kufuata maji

Hapa ndipo penye kiini cha safari, na hapa sitafanya haraka.

Tiketi nunua kwenye tovuti rasmi ya Alhambra, mapema kadiri ratiba inavyoruhusu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, hata la mtoto, maana wanakagua, na pasipoti yenyewe uibebe mkononi, si picha yake. Saa iliyoandikwa ni ya kuingia majumba ya Nasrid, nasaba ya masultani waliotawala hapa. Ukichelewa, majumba hayo hutayaona ingawa bustani utaingia. Kutoka lango la Generalife, kasri la mapumziko na bustani zake, hadi mlango wa majumba ni mwendo wa dakika 15 au zaidi, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshaanza kukimbia.

Anayerudi ana chaguo tatu. Anaweza kukata tena tiketi kamili, safari hii kwa saa ya kwanza ya asubuhi. Anaweza kuchukua tiketi ya bustani, ngome ya Alcazaba na Generalife, bila majumba. Au achukue tiketi ya usiku ya majumba ya Nasrid, ambayo majira ya joto hutolewa Jumanne hadi Jumamosi na majira ya baridi Ijumaa na Jumamosi tu. Mimi ningechukua ya usiku, kisha mchana nipite sehemu zisizodai tiketi: Puerta de la Justicia, barabara ya Calle Real, na ua wa duara wa Palacio de Carlos V.

Sasa maji. Kilima hiki hakikuwa na maji ya kutosha. Nasaba ya Nasrid ilipoanza kutawala Granada mwaka 1238, Muhammad I aliagiza mfereji uchukue maji ya mto Darro kilomita kama 6 huko juu na kuyateremsha hadi kilimani. Mfereji huo, Acequia Real, ndio uliozaa kila bustani unayoiona. Panda kwa miguu kutoka Paseo de los Tristes kupitia Cuesta de los Chinos, kinjia kinachopita kati ya kuta za Alhambra na Generalife, na utayasikia maji pembeni yako njia nzima.

Ukiwa na tiketi ya Generalife, nenda moja kwa moja kwenye Escalera del Agua, ngazi ya maji. Kingo zake za kushikia zimechongwa mferejimfereji juu, na maji yanashuka ndani yake kwa kasi, kwa hiyo unapanda ngazi huku kiganja chako kikiwa ndani ya maji baridi. Watu wengi hupita wakiangalia simu. Simama, weka mkono, panda hadi juu, kisha shuka tena.

Kisha Patio de los Arrayanes, kwenye majumba. Kila mwisho wa bwawa lile refu kuna chemchemi ndogo ya duara iliyokaa sawa na sakafu. Maji hutoka, yakazunguka kwenye kisahani cha marumaru, yakapita kwenye mfereji mwembamba, na yanapoingia bwawani yamekwisha kuishiwa nguvu. Ndiyo maana mnara wa Comares unaonekana mzima ndani ya maji, haujakatikakatika. Chuchumaa karibu na mfereji huo utazame, askari wa zamu hawana neno mradi hujagusa.

Kwenye kuta, kama ulisoma chuoni utotoni, tafuta maneno *Wa la ghaliba illa Allah*, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ilikuwa kaulimbiu ya Nasrid, nayo imerudiwa mara nyingi mno kwenye plasta na vigae. Mwandiko umepindwapindwa kwa mapambo, ila ukishalitambua umbo lake mahali pamoja utaliona kila uendako. Ukingo wa chemchemi ya simba una beti za Ibn Zamrak, mshairi na waziri, na simba wenyewe hawafanani hata kidogo ukiwatazama mmojammoja: manyoya, masikio, mdomo. Walikarabatiwa na kurudishwa mahali pao mwaka 2012.

Kuna mtu aliyeijua pwani yetu na mji huu pia. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na karibu mwaka 1350 alifika Granada. Sultani Yusuf I alikuwa mgonjwa, hakuonana naye, lakini mama yake Sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Ua wa simba hakuuona, kwa sababu Muhammad V aliujenga baadaye. Aliyewahi kusimama mbele ya bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, hatashangazwa sana na mapenzi ya masultani wa karne ya 14 kwa maji yaliyoingizwa ndani ya nyumba.

Hatua ya 6: Albaicín kabla wengine hawajaamka

Mirador de San Nicolás jioni unaijua: magitaa, simu hewani, hakuna pa kukanyaga. Nenda saa mbili asubuhi. Kisha tembea hadi Plaza Larga, ambapo asubuhi huuzwa mboga, matunda na maua, unywe kahawa pale wanapokunywa wauzaji. Pita chini ya Arco de las Pesas, lango la ukuta wa zamani, na uteremke kuelekea Dar al-Horra, nyumba ya Aixa, mamake Boabdil. Ni kasri dogo, halina msongamano, na madirisha yake yanaonyesha jinsi watu wa daraja la juu walivyoishi bila utukufu wote ule wa kilima cha pili.

Karibu na San Nicolás uko Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa Julai 2003 baada ya miaka mingi ya mabishano. Bustani yake iko wazi kwa wageni saa maalumu na inatazamana na Alhambra uso kwa uso, bila ule msukumano wa jirani. Anayetaka kuswali Ijumaa aje mapema.

Viatu viwe vya soli inayoshika. Kokoto za Albaicín zikilowa umande ni utelezi.

Hatua ya 7: Kula kwa saa zao

Granada bado inashikilia desturi ya kutoa tapa, yaani sahani ndogo ya chakula, bure kwa kila kinywaji. Usiiombe. Agiza kinywaji, subiri, sahani inakuja. Kinywaji cha pili huja na sahani nyingine, na mara nyingi ya pili au ya tatu ni bora kuliko ya kwanza, basi usihame baa haraka. Si lazima kiwe kileo: agiza *mosto*, juisi ya zabibu isiyo na pombe, au maji ya gesi, na sahani inakuja vilevile. Asiyekula nguruwe aseme *sin cerdo* wakati wa kuagiza, kabla sahani haijatoka, kwa sababu vipande vya nyama hiyo huwekwa hata juu ya mboga na supu. Migahawa ya halali iko mingi upande wa Calle Elvira na Calderería Nueva.

Chakula kimoja nakipigia debe: *berenjenas con miel de caña*, biringanya zilizokaangwa hadi zikauka, kisha zikamwagiwa asali nyeusi ya miwa. Miwa ililimwa pwani ya Granada tangu enzi za Waarabu. Kuna pia *remojón*, saladi ya machungwa na samaki wa chumvi, ambayo ukiisikia hutaamini na ukiila utaiulizia tena.

Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa tisa na nusu, cha usiku ni kuanzia saa tatu. Ukiingia mgahawani saa moja jioni utakaa na watalii wenzako. Chai ya mnanaa ya Calderería Nueva ni nzuri, kaa unywe birika zima, lakini mikoba na taa zinazoning'inia pale usinunue. Na karibu na Kanisa Kuu, mtu akikunyooshea kijitawi cha rozmeri akitabasamu, pita. Ukikipokea utasomewa kiganja kisha utadaiwa euro.

Hatua ya 8: Siku moja nje ya mji, moja tu

Kama unapenda milima, panda basi la asubuhi kwenda Alpujarra, upande wa kusini wa Sierra Nevada. Mlima Mulhacén, wenye mita 3,479, ni mrefu kuliko yote ya Hispania bara. Shuka Capileira, kisha teremka kwa miguu hadi Bubión na Pampaneira. Nyumba ni nyeupe, mapaa yamelala bapa kwa udongo kama ya vijiji vya Waberber wa Moroko, na maji ya theluji yanapita kwenye vijifereji katikati ya mitaa. Kwa sababu unashuka, hata asiye na mazoezi anaweza. Hakikisha saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujaanza kutembea, yako machache.

Kama unapenda pwani, nenda Almuñécar au Salobreña. Katika vuli utakuta sokoni *chirimoya*, ndugu wa topetope letu, laini ndani kama maziwa yaliyoganda. Mabonde ya huko yamejaa pia maparachichi na maembe. Kwa mtu wa Muheza ni kichekesho kidogo kuyakuta Ulaya, lakini onja.

Usifanye zote mbili.

Hatua ya 9: Zawadi, na kodi yako urudishiwe

Nunua kitu kinachotengenezwa hapo kweli. Vyombo vya udongo vya Fajalauza, vyenye ndege na makomamanga ya buluu na kijani juu ya nyeupe, vimefinyangwa Albaicín kwa karne nyingi. *Taracea* ni masanduku ya mbao yaliyopachikwa vipande vidogo vya mbao za rangi na mfupa. Mtu wa Lamu au Unguja atayakagua kwa jicho kali, na afanye hivyo, kwa sababu ya kuchapishwa tu yako mengi. Pitisha ukucha juu ya nakshi: kama hausikii kiungo hata kimoja, hiyo ni karatasi.

Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya hurudishiwa kodi ya mauzo, na Hispania haina kiwango cha chini cha manunuzi tangu 2018. Mwombe mwenye duka fomu ya DIVA, ndiyo ya kurudishiwa kodi hiyo, onyesha pasipoti. Ukiondokea Málaga kwenda Istanbul, pitisha fomu kwenye mashine ya DIVA pale uwanjani kabla ya kukabidhi begi, kwa kuwa forodha wanaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe. Kama utabadilishia ndege Paris au Frankfurt, huenda ukatakiwa kuifanya shughuli hiyo huko, basi vyombo vya Fajalauza viweke kwenye begi la mkononi.